Kilo Mbili za Mzee Nchagwa

Safari hii msinipe pole. Pole zenu nimezichoka.

Tangu nianze kusimulia hapa, simu yangu haitulii. Mmoja wa Musoma ananiambia nile parachichi. Mwingine ananiambia ninywe uji wa ulezi na siagi, kama mzazi. Dada mmoja, jina lake namhifadhia, ananiambia mwili ni wa Mungu, niridhike nao. Haya dada, niridhike nao, halafu nipigane na nani? Na nyuki?

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, habari zenyewe ni fupi na zote mbaya. Naitwa Jackson Nchagwa, mtoto wa Itiryo, bondia wa uzito wa unyoya, kilo hamsini na saba. Nilipiga kila mtu wa kilo hizo Tarime na Serengeti mpaka wakaisha. Waliobaki wakaanza kuumwa. Nikipangiwa mtu, siku mbili kabla anashikwa na malaria. Mwaka mzima sijapanda ulingoni kwa sababu ya malaria za watu!

Ndipo Abednego, promota wetu hapa Nyamongo, akaniambia, "Panda uzito, au rudi shimoni ukachimbe dhahabu." Kilo sitini na mbili, zisipungue hata robo. Mtu wa kupigana naye yupo, Erasto wa Issenye, na atakayeshinda anakwenda kambini Mwanza kufundishwa na watu wanaoijua kazi. Nina miaka ishirini na tisa. Kwenye ngumi huo ni uzee. Nafasi nyingine sina.

Nikala miezi minne. Nilikula ugali wa mtama, nikala ndizi, nikala kichuri, ile nyama chungu ya mbuzi, mpaka jasho langu likanuka nyongo. Nikafika sitini, nikakwama. Siku tatu kabla ya pambano, bado sitini. Wiki jana niliwaachia pale baba yangu, Mzee Nchagwa, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliponishika bega akaniambia, "Niachie mimi."

Nikamwachia. Leo nayasema yote.

Siku ya pambano, saa kumi na mbili asubuhi, mzee aliniita nyuma ya zizi. Mke wangu Juliana hakuwepo. Ana mimba ya miezi minane, na wiki hiyo alikuwa Nyamongo kwa kaka yake Malimi, karibu na zahanati. Huyo Malimi ndiye kocha wangu. Wote wawili ni Wasukuma, walitoka Geita kuifuata dhahabu.

Mzee alikuwa na ndoo ndogo ya maji na kikombe cha bati. Ndani ya kikombe mlikuwa na kitu cheupe kimekorogwa.

"Tata, hii ni nini?"

"Kunywa."

Nikanusa. Magadi.

Aliyewahi kupeleka ng'ombe mnadani ameshaelewa. Asiyeelewa nimweleze. Ng'ombe aliyekonda unamlambisha magadi mpaka kiu imshike. Halafu unampa maji, naye anakunywa mpaka tumbo linafutuka. Mnunuzi anaona mnyama kashiba, na mzani nao unadanganyika. Akifika naye nyumbani, ng'ombe ameshakojoa kilo zote njiani, na wewe huna habari naye.

"Mimi ni ng'ombe, tata?" Nilimuuliza hivyo hivyo, na sauti nilipandisha.

"Ng'ombe ana akili. Anakunywa bila kuuliza maswali."

"Malimi akijua..."

"Malimi anajua ngumi. Mzani naujua mimi." Akanisogezea kikombe. "Mura, unataka Mwanza au hutaki?"

Nilikasirika. Miezi minne watu wanashika mwili wangu kama mali yao! Abednego ananibonyeza bega. Majirani wananiuliza leo ngapi, kama wanauliza bei ya mahindi. Sasa baba yangu mzazi ananinywesha kama dume la mnadani, na anasimama juu yangu kuhakikisha nimemaliza.

Lakini nilikunywa. Hasira ninayo, ila mdomo ni wangu na mimi ndiye niliyeufungua. Nikanywa magadi, nikanywa maji, kikombe kwa kikombe, mpaka ndoo ikabaki nusu. Kila nikitaka kuacha, mzee anasema, "Kimoja tu." Tumbo likawa ngoma.

Nikapanda bodaboda kutoka Itiryo mpaka Nyamongo. Barabara ile mnaijua. Kila shimo nililisikia kwenye kibofu. Dereva akaniuliza kama naumwa, nikamwambia aangalie mbele.

Saa mbili kamili nikapanda mzani mbele ya watu.

"Sitini na mbili na gramu mia tatu!" Abednego akatangaza. "Amefika!"

Watu wakapiga makofi. Malimi hakupiga. Akanivuta pembeni.

"Juzi ulikuwa sitini."

"Nimekula."

"Umekula nini, jiwe?"

"Malimi, niache."

Akaniangalia tumbo. Mtu mwingine alikuwa ananiangalia vilevile: Mzee Machage, baba yake Erasto. Ni Mkurya mwenzetu aliyehamia Issenye miaka mingi, naye ni mtu wa ng'ombe. Yeye na baba yangu wamekutana minadani tangu sijazaliwa, na hawajawahi kupendana. Alianza na macho yangu, akashuka kwenye mbavu, akaishia tumboni. 

Kisha akapanda Erasto. Sitini na tatu na nusu, na zote za kwake. Hakuwa na tumbo, alikuwa na kifua na shingo. Nilipompa mkono niligundua kichwa changu kinafika kwenye kidevu chake. Akatabasamu, akasema, "Karibu huku juu, kaka."

Huku juu! Nilitamani tuanze pale pale.

Tangu saa tatu mpaka saa tisa nilikuwa chooni na kurudi. Magadi yanaharisha, hilo mzee hakulisema, maana ng'ombe akiharisha anakuwa ameshauzwa. Ila maji mengine yaligoma kutoka. Yalikaa tumboni yanacheza.

Saa kumi jioni tukaingia ulingoni, katikati ya uwanja wa mpira. Watu walijaa mpaka kwenye mapaa ya maduka. Raundi sita.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaosema kupanda uzito ni kula tu.

Raundi ya kwanza nilimpiga Erasto kwa ngumi ya kulia, ile ile iliyowalaza watu kumi na mmoja wa unyoya. Ilitua vizuri, shavuni, safi kabisa. Erasto akapepesa macho. Basi! Akapepesa macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akanirudishia moja ya kushoto, nikasikia meno yote yananiita majina.

Huko chini nilikuwa na ngumi nzito. Huku juu nilikuwa napiga hodi.

Na miguu! Miguu yangu ilizoea kubeba hamsini na saba. Nilikuwa naiambia toka, inasema subiri. Kila nikiyumba, maji yanayumba upande wa pili. Erasto akagundua, akawa ananilalia. Ananikumbatia, ananiwekea kilo zake zote shingoni, refa anatutenganisha, ananilalia tena. Mtu wa unyoya hajazoea kubebeshwa mzigo wa namna hiyo. Raundi ya pili alinipiga tumboni, nikasikia magadi kooni.

"Umenidanganya," Malimi akaniambia nilipokaa kwenye kona. Alikuwa ananifuta uso kwa hasira. "Mwili huu siujui. Huu siyo mwili niliofundisha."

"Nipe ndoo."

"Natupa taulo."

"Ukitupa taulo, Malimi, hakuna undugu tena. Nasema kweli, hata dada yako asiniombee."

Hakutupa. Raundi ya tatu nilipigwa, sina la kuongeza. Nilihesabiwa mara moja, nikanyanyuka hesabu ikiwa nane. Kengele ikalia, nikafika kwenye kona, nikainamia ndoo.

Nikatapika kila kitu. Maji ya asubuhi yote yakatoka, meupe, yenye povu. Watu wa mbele wakageuza nyuso. Mtu mmoja tu hakugeuza. Mzee Machage alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja mpaka kwenye kona yetu, akachungulia ndani ya ndoo.

Halafu, na watu waliona, akachovya kidole akaonja.

Ewaa! Mnashangaa? Mtu wa mnadani haonei kinyaa ukweli. Akatema chini, akarudi kukaa, ananitazama.

Raundi ya nne nikatoka, na hapo kikaja kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa mwepesi. Maji yameisha, jasho limetoka, tumbo limenywea, miguu imeitika. Sikuwa wa sitini na mbili tena. Nilikuwa Jackson wa unyoya, na mbele yangu mtu mkubwa aliyechoka kwa kunilalia.

Nikaacha kumpiga usoni, maana usoni ni ukuta. Nikaingia chini ya mikono yake, mbavuni, mbavuni, natoka. Naingia, natoka. Raundi ya tano alianza kupumua kwa mdomo. Raundi ya sita akainua kiwiko cha kulia kidogo tu, nikaona nafasi, nikampiga ini kwa kushoto.

Mtu akipigwa ini haanguki hapo hapo. Anasimama kwanza, anafikiri. Erasto alifikiri, akapiga magoti, refa akahesabu mpaka kumi.

Nililia ulingoni, sioni aibu kusema. Refa akaninyanyua mkono. Miezi minne ile, na malaria za watu, na vidole vya Abednego begani kwangu, vyote nikavisahau kwa muda wa pumzi kama tatu hivi. Nilimwona Juliana mbali, kwenye kivuli cha duka, amesimama juu ya benchi na tumbo lake lile, anapunga kitenge.

"Ushindi huu ni wa wizi!"

Mzee Machage alikuwa ameshapanda ulingoni. Ana miaka sabini na alipita kwenye kamba kama kijana.

"Huyu mtoto kanyweshwa magadi!" akapiga kelele. "Hakufika uzito! Nimeonja kwa ulimi wangu! Nchagwa kamfanyia mwanaye kile anachowafanyia ng'ombe!"

Abednego akachukua kipaza sauti. "Wazee, taratibu. Asubuhi alipima, sote tuliona."

"Apimwe tena!"

"Mtu aliyepigana raundi sita mzani haumsemi ukweli, mzee. Hata Erasto sasa hivi kapungua."

"Basi muulize baba yake!"

Baba yangu alisukumwa na watu mpaka akafika mbele. Akapanda polepole, amevaa koti lake la mnadani, fimbo mkononi.

"Magadi?" akasema. "Nani hapa hajala kande ya magadi? Mwanangu kala kande. Nayo ni kosa?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilipumua. Lakini Machage hakucheka.

"Vizuri. Kama ni kande, lamba udongo."

Vicheko vikakatika. Abednego si wa huku, hakujua kwamba kwetu kulamba udongo ni kula kiapo, akadhani ni matusi. "Udongo wa nini? Hatuna kanuni ya udongo kwenye ngumi!"

"Udongo!" mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma. Kisha wengine. Kisha uwanja mzima: "Udongo! Udongo!" Refa akamnong'oneza Abednego kwamba ni kiapo, naye akawaangalia watu wale, akaangalia kamba zake na viti vyake, akaona afadhali kanuni iwepo.

"Akiapa," akasema taratibu, "matokeo yanabaki. Asipoapa, nayafuta, na Erasto anakwenda Mwanza."

Niwaambie kuhusu baba yangu. Kwenye ng'ombe anadanganya, kila mtu anajua, na wenzake wanamdanganya vilevile. Lakini udongo hajawahi kuuchezea. Kwetu kiapo cha uongo hakimli aliyeapa. Kinamla aliye wake. Mimi siku zote nilisema hayo ni mambo ya wazee, mimi ni mtu wa kanisani na simu ya kisasa. Nilisema hivyo. Siku ile, mgongo wangu wenye jasho ulikuwa wa baridi.

Mtu akaleta udongo kwenye sahani. Mzee akauchukua kwa vidole vitatu.

"Naapa kwa ng'ombe wangu wote," akaanza, kwa Kikurya.

"Hapana!" Machage akamkatiza, naye kwa Kikurya. "Ng'ombe unanunua wengine kesho. Mke wa mwanao ana mimba. Apa kwa huyo, atakayebeba jina lako."

Baba yangu alishusha mkono.

Akanigeukia. Hakuwatazama watu, wala Machage. Alinitazama mimi, na alinisubiri. Jamani, alinisubiri! Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningesema, "Tata, acha, nilikunywa." Maneno mawili matatu tu, yakaisha. Erasto angekwenda Mwanza, mimi ningerudi shimoni, na udongo ungerudi chini.

Nikawaza miezi minne. Nikawaza shimo. Nikawaza jinsi nilivyompiga yule mtu kwa kilo zangu mwenyewe, bila maji ya mtu yeyote. Hasira ikanijaa kifuani: kwa nini niwe mimi wa kusema? Kikombe nilikikoroga mimi? Alitaka kuniongoza kama ng'ombe, basi na amalizie safari yake!

Nikaangalia chini. Nikanyamaza.

Hilo ndilo lililonifanya niandike kwenye gazeti hili tangu mwanzo. Kupigwa si hoja, kila bondia anapigwa. Nilinyamaza, na baba yangu aliona kwamba nimenyamaza.

Akatia udongo mdomoni.

"Kama nilimnywesha mwanangu magadi ili mzani umpandishe," akasema kwa Kikurya, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "kilicho tumboni mwa mke wake kisilione jua."

Akameza.

 Machage alivua kofia, akashuka bila kuangalia nyuma, akaenda kumshika mwanaye. Abednego akaninyanyua mkono mara ya pili, akatangaza Mwanza, na makofi yakawa machache, ya wale wageni wa mgodini wasiojua Kikurya.

"Tata," nikasema.

Mzee alikuwa anajifuta midomo kwa kiganja. "Umepata Mwanza yako," akasema. "Usinifuate nyumbani."

Juliana ndiye aliyekuja. Watu walimpisha, na walimpisha kwa namna mbaya, wanamkwepa, wanamwangalia tumbo halafu wanaangalia pembeni. Yeye hakuona. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, kaka yake Malimi kamshika mkono kumpandisha ngazi.

"Umeshinda! Jackson, si nilikwambia? Umeshinda!" Akanikumbatia na jasho langu lote. Kisha akaangaza macho. "Mbona watu wamepoa hivi? Baba alikuwa anasema nini?"

"Kaapa," Malimi akamjibu. "Nimemwona kala udongo. Ila Kikurya chao sikijui." Akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya furaha. "Kaapa kwa kitu gani, shemeji?"

Niliangalia ndoo kwenye kona.

"Ngoja kwanza," Juliana akasema, akacheka tena. Akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akaubandika tumboni kwake. "Leo naye yuko ulingoni tangu asubuhi. Sikia anavyopiga! Haya, sasa niambie. Baba kaapa kwa kitu gani?"

Nilikuwa bado sijavua glovu. Sikusikia kitu chochote.